Makande ya elfu tano

Kosa lilikuwa langu na la simu, ila simu haina mke, kwa hiyo lawama zote nimebeba mimi.

Ilikuwa Ijumaa usiku, tarehe 22. Mnaolipwa kwa mwezi mnaijua tarehe hiyo: mshahara uliopita umeshausahau hata sura, na unaokuja bado haujapiga hodi. Mama watoto amekaa ukingoni mwa kitanda na daftari lake la matumizi, lile la kava gumu, ambalo mimi naliogopa kuliko baba mwenye nyumba. Akachomeka kalamu nyuma ya sikio, akasema, "Baba, imebaki elfu ishirini. Mpaka Jumatano."

Sikujibu. Nilikuwa namtazama mama mmoja wa Kimarekani kwenye simu, anapika kitu wanakiita kasero. Jamani, yule mama hapiki, anahamisha vitu. Anachukua hiki anamwaga kwenye bakuli la udongo, anachukua kile anamwaga, anafungua kopo, anafungua kopo jingine, anakoroga mara mbili, anasukumia kwenye oveni, anaondoka kwenda kukunja nguo. Akirudi, chakula cha watu wanane, kimeiva, juu kimepata rangi ya mkate. Na maneno yanapita chini ya picha: mlo rahisi, nafuu, chombo kimoja.

Nikasema moyoni, sasa haya si makande yaliyovaa suti?

Nikazama zaidi. Nikakuta kumbe kuna kasero moja ya maharage mabichi ambayo Marekani nzima inaila sikukuu ya Shukrani, na ilibuniwa mwaka 1955 na mama anaitwa Dorcas Reilly, aliyekuwa akifanya kazi kwenye jiko la majaribio la kampuni ya supu ya Campbell. Vitu sita tu, na kimojawapo supu ya uyoga ya kopo, nusu saa kwenye oveni, kwisha. Vitu sita! Mimi nikahesabu makande: mahindi, maharage, nazi, kitunguu, nyanya, chumvi. Sita. Nikaona hii ni dalili.

Isitoshe mimi ni Mpare. Watani zangu Wachagga hunitania kwamba Mpare anazaliwa na sufuria la makande mkononi. Na bweni nimelala miaka minne, nimekula makande ambayo wadudu wake tulikuwa tunawafahamu kwa sura. Yaani mtu wa namna hiyo ashindwe na makande ya nyumbani kwake?

Nikamwambia mama watoto, "Kesho pumzika. Jikoni naingia mimi. Watu sita, sufuria moja, elfu tano."

Akaniangalia kama anavyomwangalia konda anayesema siti zipo.

Asubuhi nikaenda sokoni mwenyewe. Mahindi ya kukoboa kilo moja, 1,800. Maharage nusu kilo, 1,700. Nazi moja, 1,500. Jumla 5,000 kamili, nikatamani nimpigie mtu simu. Nyanya, vitunguu na hoho zilikuwa 1,000, ila hizo sikuzihesabu. Hizo ni viungo.

Saa tatu asubuhi nikawasha gesi. Nikafanya alivyofanya yule mama: vyote ndani. Mahindi, maharage, nyanya nimekatakata, kitunguu, hoho, chumvi, maji. Nikafunika. Nikakunja shati langu moja, kwa kuwa naye alikunja. Nikakaa sebuleni nimeweka mguu juu ya mguu, nasubiri nusu saa.

Nusu saa ikapita. Nikachota punje moja nikaiuma. Jino likasema "kah!"

Saa nne na nusu, kah. Saa tano, jiko likaanza kukohoa. Moto wa bluu ukawa wa njano, ukawa kama kibatari, ukafa. Nikautikisa mtungi. Mtungi wa kilo 6 ukiisha hauna siri, unauinua kwa kidole. Serikali imesema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi. Mimi nilikuwemo kwenye hiyo hesabu mpaka saa tano asubuhi ya Jumamosi ile.

Kujaza mtungi ilikuwa haizungumziki. Nikatoa jiko la mkaa uani. Ndoo ndogo ya mkaa 3,000, kiberiti 100.

Sasa, uani kwetu ni nyumba ya kupanga, vyumba vinatazamana, milango minane. Mwanamume akichuchumaa uani anapepea jiko kwa mfuniko wa ndoo, hiyo ni sinema ya bure. Jirani wa kwanza akatoka na ndoo ya maji ambayo haikuwa na maji. Wa pili akatoka kuanika nguo moja. Mama anayeuza vitumbua akavuta kigoda kabisa.

"Shemeji, leo unapika?"

"Napika."

"Mama watoto mzima lakini?"

"Mzima, kapumzika."

"Haya. Uliloweka?"

Nikanyamaza. Kuloweka? Yule mama wa Kimarekani hakuloweka! Nikafunua mfuniko ili kuonyesha kwamba mambo yanakwenda. Akachungulia, akashika mdomo.

"Shemeji! Umeshaweka nyanya?"

Alivyosema, ungedhani nimetia sabuni. Akawaita wengine. Wakachungulia mmoja mmoja kama watu wanaomuaga marehemu. Nikaingia ndani kwa hasira, nikampigia mama yangu Usangi, maana huyo ndiye rufani ya mwisho.

"Mama, makande hayaivi."

"Umeloweka toka jana?"

"Hapana."

"Umetia kitu kichachu? Nyanya, ndimu?"

"Nyanya kidogo."

Kimya. Nasikia kuku wa huko wanavyokwaruza. Halafu mama akasema polepole, kama daktari anayetafuta maneno, kwamba maharage yakikutana na ukali wa nyanya kabla hayajalainika yanakaza ngozi, utachochea kuni mpaka zikuishe. Nyanya inaingia maharage yakishapasuka. Na mahindi makavu yanataka usiku kucha kwenye maji. "Makande si chakula cha siku moja, mwanangu. Makande yanaanza jana." Akauliza mke wangu yuko wapi, nikasema mtandao unasumbua.

Hapo ndipo nilipoielewa ile kasero. Yule mama anafungua kopo! Maharage ya kopo yameshapikwa kiwandani, kuna mtu mwingine alishayatolea jasho na gesi yake. Yeye anakuja mwishoni kupasha moto na kupigiwa makofi. Mimi nina mahindi yaliyotoka Kibaigwa yakiwa makavu kama kokoto, eti nayasubiri nusu saa.

Nikamwaga maji yote na nyanya zake, nikaanza upya. Mama wa vitumbua akanielekeza nikanunue magadi, 200, nitie ncha ya kijiko tu. Magadi yanalainisha kweli, hilo nimelishuhudia, ila ukizidisha mkono chakula kinakuwa na ladha ya maji ya kufulia, kama bweni kwetu, ambako mpishi alikuwa anatia kwa upawa ili kuokoa kuni. Nikatia ncha. Nikapepea. Saa saba, saa nane. Mkaa ukaisha. Ndoo ya pili, 3,000.

Saa tisa nikaamua nikune nazi, mikono isikae bure. Na hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu hakuna aliyewahi kunisimulia kuhusu ile mbuzi ya kukunia nazi. Nimeiona miaka yote iko nyuma ya mlango, nikidhani ni kigoda chenye mdomo. Kwanza, kile kiti kimetengenezwa kwa ajili ya mtu asiye na magoti. Unakaa, magoti yanakuja usawa wa masikio. Ule ulimi wa chuma wenye meno unakuja katikati ya mapaja, umekuelekea, na kila mwanamume mwenye akili timamu lazima ajiulize maswali. Pili, nazi ina njia yake ya kuzunguka. Mama watoto akikuna, mkono unazunguka, nazi inashuka kama theluji. Mimi nikisukuma, kinaruka kipande kinakwenda kwenye nguo za jirani. Nikisukuma tena, kifuu kinateleza, kidole gumba kinapita kwenye meno. Na nilipokuja kuionja ile nazi, baada ya damu, ilikuwa imeoza.

Nikairudisha kifuu mkononi.

"Kaka, uliitikisa ulipoichagua?" muuza nazi akaniuliza.

"Niliitikisa."

"Ikasemaje?"

Sasa nazi inasemaje? Ikasema chwa chwa kama nazi! Nikatoa 1,500 nyingine. Safari hii akanichagulia yeye, akaipasua hapohapo, na kunikunia akanikunia, kwa huruma, maana alikiona kidole.

Nimerudi nakuta wanangu watatu wamejipanga mlangoni kwa urefu, na shemeji yangu mdogo nyuma yao. Mdogo kabisa hakulia. Afadhali angelia. Aliuliza tu, kwa heshima zote, "Baba, leo tumefunga?" Chips mayai sahani mbili, 6,000, wakagawana wanne. Na mimi, mwenye sufuria motoni toka asubuhi, nikaomba vipande viwili vya chips kwa mtoto wa miaka mitano. Akanipa kimoja.

Jua likazama. Mama watoto, ambaye kweli alipumzika, tena kwa ukamilifu, alisuka nywele, akaoga, akalala usingizi wa mchana, akatoka uani na kanga yake moja begani. Hakusema neno. Akaminya punje kwa vidole, ikapasuka. Akakaanga kitunguu na nyanya mbili zilizobaki pembeni, akamimina, akatia tui jepesi, akaacha likauke, akatia tui zito akikoroga upande mmoja. Halafu akafanya jambo ambalo limenikaa kichwani mpaka leo. Akafunika sufuria kwa mfuniko wa bati, akachukua koleo, akatoa makaa mekundu nusu jikoni akayapanga juu ya mfuniko. Moto chini, moto juu.

Nikasema, "Hiyo si oveni?"

"Hiyo ni kupalia," akasema. "Kwani wali unaokulaga unakaushwa na nini?"

Saa tatu usiku tukafunua. Wenzangu, siwezi kusema uongo kwa sababu ya hasira. Yalikuwa yameshikana, tui limeingia mpaka ndani ya punje, juu kumekauka na kupata rangi ileile ya mkate niliyoiona kwenye simu. Ile harufu ikatembea milango yote minane. Mama wa vitumbua akaja na bakuli, akidai ushauri wake ulikuwa na gharama. Jirani wa ndoo naye akaja, safari hii ndoo imebaki kwake. Watoto wakaonja kijiko kimoja kimoja wakasema wameshiba chips.

Nilipomaliza sahani ya pili nikaegemea ukuta. Mama watoto akatoa daftari.

"Baba, nisomee matumizi."

Nikamsomea. Akaandika mstari kwa mstari, hakutingisha hata nyusi: mahindi, maharage, nazi, nyanya na vitunguu, mkaa, mkaa tena, kiberiti, magadi, nazi tena, chips. Akapiga mstari chini, akajumlisha, akanigeuzia daftari nione. 19,800. Gesi hakuiweka, alisema gesi ni ya mtu mwingine, aliyeinunua tarehe moja akiwa na matumaini. Juu ya ukurasa, mahali ambapo siku zote huandika "Chakula", alikuwa ameandika "Starehe za baba".

Ikabaki mia mbili. Mpaka Jumatano.

Jumapili tulikunywa chai kwa kiporo cha makande, na mchana kiporo, na usiku sitaki kusema. Jumatatu nikakopa nauli kwa mama wa vitumbua, nikapanda daladala nimepakata kontena la lita tatu. Saa saba mchana kazini nikalifungua. Mchagga wa uhasibu akanusa, akageuza kiti.

"Mpare, hiyo ni nini?"

"Kasero," nikamwambia. "Sahani 1,500."

Nimeuza sahani tatu, 4,500. Lile sufuria bado linanidai 15,300.