Kroketi nne, watu watano

Hivi nani aliamua tapas, vile vitafunwa vya Kihispania vya visahani vidogo, ziwe zinaletwa nne nne? Juzi tulikuwa watano, Barcelona, kwenye mgahawa wa taa hafifu na vitambaa vya meza vilivyopigwa pasi. Ikaja sahani ya kroketi, vile vidonge vya kukaangwa. Nne. Tukaangaliana. "Chukua wewe." "Aa, mimi nimeshashiba." Umeshiba nini, na huku migahawa mingi haianzi chakula cha usiku kabla ya saa mbili? Mwishowe shemeji akaikata moja kwa kisu, ule uji wa maziwa wa ndani wote ukamwagikia mezani.

Akafuata pweza, vipande sita juu ya viazi, kanyunyiziwa paprika na mafuta ya zeituni. Mtamu, sikatai, laini kama mkate. Lakini mimi mtu wa Pwani, pweza namla mpaka nichoke mwenyewe; pale nilipata kipande kimoja na harufu. Na ule mkate wa kupakwa nyanya, tuliodhani ni wa ukarimu, tukaukuta kwenye bili, umehesabiwa kwa kichwa!

Kinachoniudhi ni kwamba hiki ni chakula cha baa, cha kula umesimama. Granada, kusini mwa Hispania, hadi leo ukiagiza kinywaji tu, baa nyingi zinakuletea kisahani bure. Huku wamekivalisha suti, wakakipunguza.

Saa sita usiku tulikuwa kwenye foleni ya kebabu, na nguo zetu nzuri.