Bwana Afya Kaja na Kitabu cha Faini

Kuanzia leo mtu akiniuliza habari za afya yangu nitamwambia akaangalie kwenye kitabu cha faini, humo ndimo ilimoandikwa. Elfu hamsini. Kosa: "kukusanya taka mbele ya makazi." Kukusanya, jamani! Sikumwaga wala sikutupa. Nimekusanya.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, mnaijua, sina haja ya kuwasimulia. Maduka yamefungwa mpaka saa nne, kijana wa chapati kahamishia jiko uani, mjumbe anapita na filimbi mdomoni. Mimi mtu mzima, mlipa kodi, nimetoka na kaptula na fagio langu la chelewa, nafagia kizalendo. Nimeanzia mlangoni hadi ukingoni mwa mtaro: majani ya mwarobaini, makapi ya miwa ya watu nisiowajua, na pampasi moja ambayo nyumba nzima ya wapangaji hatuna mtoto wa kuivaa. Nikarundika vizuri, rundo lenye adabu zake. Nikashika kiuno, naliangalia.

Wakatokea watu watatu. Bwana afya na faili lake kwapani, mgambo na kirungu, na kijana wa mashine ya risiti. Nikajua wamekuja kunipongeza. Nikaweka sura ya mtu anayejiandaa kupigwa picha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibuni sana."

"Hili rundo la nani?"

"Hili? La mtaa mzima hili. Mimi nimelikusanya tu."

Akamgeukia kijana. "Andika. Amekiri."

Nikasema ngoja kwanza bwana afya, tusiende kwa papara. Nisingefagia, ungeniandika? Akasema ndiyo, kutofanya usafi ni kosa. Haya, nimefagia. Akasema ndiyo, lakini taka zimerundikana, na hilo nalo ni kosa. Ningezisukumia mtaroni? Akashtuka kabisa, akaweka faili chini: hilo ndilo kosa lenyewe, mtaro ukiziba maji yanatuama, mbu wanazaliana, mvua ikija vyoo vinafurika na kipindupindu hicho kinabisha hodi. Nikizichoma? Moshi, kero kwa majirani. Nikizifukia? Hapo tukageuka wote wanne kuutazama ule uwanja wa nyumba. Zege mwanzo mwisho. Mwenye nyumba kamwaga saruji mpaka shingoni mwa mwembe.

"Sasa mheshimiwa, sheria inataka nizile?"

Mgambo akacheka, akakumbuka yuko kazini, akakohoa.

"Zinatakiwa zichukuliwe na gari la taka."

"Gari liko wapi?"

"Hilo mzee muulize mzabuni."

Mzabuni! Mzabuni namjua kwa upande mmoja tu, upande wa kukusanya hela. Kila mwezi anamtuma dada mmoja na daftari, na dada yule hajawahi kupotea njia. Mvua inyeshe, barabara ikatike, atafika kashika viatu mkononi. Gari lake sasa! Tunasikia honi mtaa wa pili, tunatoka mbio na viroba vyetu mgongoni, tukifika tunakuta harufu.

Watu wakaanza kujaa, maana duka limefungwa na hakuna pa kukaa. Mama wa uji akasema mwacheni baba wa watu. Jirani yangu wa kushoto, ambaye tulikuwa hatusalimiani tangu habari ya maji ya kuoshea vyombo, akatoka kusema kwamba kwa haki ya Mungu robo tatu ya rundo liko upande wangu. Tukaanza kupima kwa hatua. Kijana wa mashine akauliza kama faini igawanywe, bwana afya akasema mashine haikati nusu kosa.

"Tukishamaliza hapa," akasema, "tuone na choo."

Nikamwambia mimi ni mpangaji, choo ni cha mwenye nyumba. Akasema anayekitumia ndiye mhusika. Akanisomea na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, akaichanganya na ya mazingira ya 2004, kwa sauti ambayo kama si kirungu cha mgambo ningemwitikia amina. Tukaingia uani kwa msafara. Choo kimefungwa kwa ndani.

Ngo ngo ngo. Kimya.

"Nani humo?"

Kimya. Mimi najua ni nani. Ni mpangaji wa chumba cha nyuma, ana miezi ya kodi asiyopenda ihesabiwe, kamuona mgambo akiingia getini akajua ni yeye anafuatwa. Bwana afya akagonga tena, safari hii kwa faili. Sauti ndogo ikatoka: "Mwambieni nitalipa mwisho wa mwezi."

"Leo ndiyo mwisho wa mwezi!" akajibu mama wa uji kutoka uchochoroni.

Tukasimama pale, bwana afya na mimi, maafisa wawili wa wizara moja tukisubiria faragha ya raia. Akaniuliza watoto wangapi. Nikamwambia. Akauliza wana chanjo zote? Nikasema zote, kadi ziko juu ya kabati. Akatikisa kichwa kwa heshima. Nikaona mtu huyu si mbaya, tungekutana msibani tungekaa mkeka mmoja.

Mlango ukafunguliwa. Mdaiwa akapita katikati yetu bila kumtazama mtu. Bwana afya akaingia. Mlango upo, sawa. Bati lipo. Mfuniko wa shimo upo. Sabuni ipo, kipande cha ukubwa wa kucha, lakini sheria haijataja saizi. Akatoka akaenda kwenye sinki, maana nyumba yetu ina sinki, msituone hivi. Akafungua bomba.

Fssssss.

Tukasikiliza wote. Likapiga kikohozi kimoja, likatoa hewa, likanyamaza.

"Maji hayatoki," akasema bwana afya.

"Nami nashangaa."

"Andika: hakuna maji ya kunawa mikono."

Hapo ndugu zangu ustaarabu ukaniisha. Bomba si langu! Maji si yangu! Katika habari nzima ya maji kitu kilicho changu ni ankara tu, na ile inakuja hata mwezi ambao bomba limetoa upepo! Aliyeacha kuleta maji yuko nyumbani kwake ananawa, anayeandikwa ni huyu aliyesimama na ndoo! Mama watoto akanivuta shati.

Bwana afya wala hakukasirika. Akanishika bega kitaalamu, akanishauri nitengeneze kibuyu chirizi. "Chukua dumu la lita tano, toboa pembeni, lifunge kamba, kamba ifunge kwenye kijiti. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama, unanawa bila kushika kitu."

"Ndani ya dumu naweka nini?"

"Maji."

Basi. Nikatia saini.

Na msinielewe vibaya, mimi si mpinzani wa usafi. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilitukuta Dar hii hii, tunajua kambi za wagonjwa zilivyokuwa. Tarehe 9 Desemba mwaka ule sherehe za Uhuru zikafutwa, Rais Magufuli akaonekana Feri akiokota taka kwa mikono yake. Nilifagia siku ile mpaka nikafagia na kwa jirani. Lakini baada ya ufagio linatakiwa lije gari, na baada ya sabuni yanatakiwa yaje maji. Sheria imekomea kwenye ufagio na sabuni kwa sababu hivyo viwili vinanunuliwa na mimi.

Mbona wakiamua wanaweza? Viroba je? Si vile tunavyobebea taka, vile vipakiti vya pombe kali, vya kuweka mfuko wa shati. Konda alikuwa nacho, bodaboda alikuwa nacho, mwanafunzi alikuwa nacho ndani ya kompasi. Tulihubiriwa miaka na hakuna aliyesikia. Februari 2017 Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza, tarehe 1 Machi vikapigwa marufuku kutengenezwa na kuuzwa, na hakuna mgambo aliyekuja kupekua shati langu. Wamekamata kiwandani. Sawa, pombe ikajitia kwenye vichupa na kurudi mtaani, najua, lakini chupa inalia mfukoni kila ukiruka shimo na bei yake si ya kuokoteza, kwa hiyo hata bodaboda wetu wa kona siku hizi anaongea sentensi mpaka mwisho.

Mfuko wa plastiki, rambo, nao, tarehe 1 Juni 2019, kwaheri. Ukikutwa nao mkononi ni faini kuanzia 30,000 hadi 200,000 au siku 7 ndani. Siku 7 kwa ajili ya kubebea nyanya! Wiki ile niliona mzee mmoja kabeba dagaa kwenye kofia ya baraghashia. Wajanja wakaja na vifungashio vya karanga, wakaviuza kama mifuko, wakafukuzwa navyo. Lakini mitaro ilipumua, lazima tuseme ukweli, hata kama mfuko mbadala ukiweka samaki mbichi unafika nyumbani na mishikio tu.

Na chumvi. Hapa ndipo ninapovua kofia. Ukienda Nyanda za Juu Kusini utawakuta wazee wenye marovu shingoni. Wajukuu zao hawana. Walichofanyiwa hawakijui: miaka ya 1990 serikali iliwabana wazalishaji wa chumvi watie madini joto, basi, mwananchi akaendelea kula mboga yake. Hakuna aliyegongewa mlango kuulizwa umekula madini leo? Onyesha shingo. Hiyo ndiyo sheria ninayoweza kuishi nayo, sheria ambayo imenitibu bila kuniuliza jina.

Ila sigara wameipania kwa akili za ajabu. Sheria iko tangu 2003, marufuku kuvuta kwenye mikusanyiko, marufuku kumuuzia mtoto, na pakiti ina onyo kwamba uvutaji ni hatari kwa afya yako. Vizuri sana. Sasa niambieni nani huku kwetu ananunua pakiti? Tunanunua moja moja. Muuza duka anaichomoa, anakupa na kiberiti cha kuwashia kinachoning'inia dirishani kwa kamba, pakiti inabaki kwake rafuni. Onyo zima la serikali limekuwa likisomwa na mtu mmoja tu, Mangi wa duka, na yeye havuti.

Nilikuwa nayasema haya kijiweni mchana, duka lilipofunguliwa, jamaa mmoja akaniambia wewe unalalamikia elfu hamsini, ngoja bima. Akanigusa kidonda. Bima kijijini kwetu imetugawa ukoo tangu ilipokuja CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ikaja kwa 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu wasiozidi 6. Sita! Nani alikwenda kuihesabu kaya ya Kiafrika akapata sita? Kwa mama pale chini ya paa moja wako kumi na moja, bila kumtaja aliyekuja kumsalimia bibi akapewa chumba.

Mama akaitisha kikao. Mimi ndiye mlipaji, nikaunganishwa kwa simu nikiwa ndani ya daladala, abiria wote wanachangia. Bibi akasema yeye aandikwe wa kwanza kwa kuwa ndiye mgonjwa. Shangazi akasema bibi hata akiandikwa haendi zahanati, atakunywa mwarobaini, kwa hiyo ni nafasi ya bure. Bibi akamjibu kwamba afya ameanza kuijua kabla shangazi hajaota meno: mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, walikuwa wanakaa kuizunguka redio moja, wanasikiliza kipindi, mwalimu anafunga kitabu, wanaulizana nani ana jembe. Choo anachotumia shangazi mpaka leo kilichimbwa mwaka ule na bibi huyo huyo, bila risiti ya mtu. Shangazi akanyamaza. Abiria wa siti ya nyuma wakampigia bibi makofi.

Basi bibi kaingia, mama kaingia, wajukuu wadogo watatu wakaingia kwa kuwa hao ndio wa malaria. Nafasi ya sita shangazi alidhani ni yake mpaka binti wa kaka akatoka chumbani, akasimama ubavu, kila mtu akaona tumbo. Kikao kikavunjika kwa mambo mengine kabisa. Na mwaka huu sijui, maana sasa kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na mjomba ambaye ana nyumba yake, mke wake na ng'ombe wake, ameshanipigia kuniuliza kama "wote" inamhusu na yeye, na kama ni hivyo nimtumie lini.