"Split" si "gawanya" tu

Mwanafunzi anayeandika "suruali yangu imegawanyika" hajakosea sarufi. Viambishi vyote viko mahali pake. Kosa ni la aliyemwandikia ubaoni kwamba split ni gawanya, akaishia hapo. Orodha za namna hiyo, neno moja kwa neno moja, zifutwe katika madarasa ya Tabora na Kigoma, kwa sababu zinamfundisha mtoto Kiingereza nusu na kumnyang'anya Kiswahili alichokuja nacho kutoka nyumbani.

Split iliingia katika Kiingereza karne ya 16 kutoka Kiholanzi, na mwanzoni ilisemwa juu ya meli iliyopasuka mwambani. Maana hiyo ya ufa ndiyo shina, na sisi tunayo tayari kwenye gogo. Kukata ni kuvuka nyuzi za mti. Kupasua ni kuzifuata. Anayetengeneza mzinga wa gogo kule Sikonge hukata kwanza apate urefu, kisha hupasua gogo kwa urefu wake lipate pande mbili, huchonga kila upande ndani, halafu huzirudisha pamoja na kuzifunga. Kabari huanzia kichwani, penye ufa wa asili, na ya pili hupigwa mbele ya ile ya kwanza kadiri ufa unavyokwenda. Penye fundo nyuzi hupinda, ufa nao huhama, na upande mmoja hutoka mwembamba usiofaa. Vitenzi viwili tu, lakini ukivipindua umepata kuni, hukupata mzinga. Na kuni zenyewe huchanjwa. Kigoma, mise, yaani kokwa za michikichi, hubanguliwa, kwa kuwa kinachovunjwa ni gamba na kinachotakiwa ni kiini. Samaki mkubwa wa kukausha hupasuliwa akafunguka, lakini anabaki mmoja. Hapo gawanya haiingii kabisa, kwani gawanya hudai sehemu zinazohesabika.

Turudi kwenye suruali. Kwa fundi cherehani, iliyofumuka na iliyochanika ni kazi mbili. Iliyofumuka imeachia mshono: inapigwa uzi upya, imekwisha. Iliyochanika imeharibika kitambaa, inataka kiraka au kutiwa kitambaa cha nyuma kwanza, na bei yake ni nyingine. Kiingereza kinaziita zote split.

Kwenye fedha ndipo wafasiri wengi wanapoteleza. Watu wanne wamekula chakula cha shilingi 24,000, wakitumia split kwa bili hiyo, Kiswahili chake ni "tuchange elfu sita sita." Wavuvi wanne wakitumia split kwa faida ya 24,000 baada ya kutoa mafuta ya injini na sehemu ya mwenye chombo, hapo ni "tugawane." Hesabu ni ileile, 24,000 gawanya kwa 4, ila katika kuchanga fedha inatoka mifukoni, katika kugawana inaingia. Ukiandika "tugawane bili" msomaji ataelewa, lakini atakuwa amekusaidia kazi yako.

Ndoa inataka tahadhari zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatofautisha kutengana na talaka. Waliotengana bado ni mume na mke. Walioachana kwa talaka si mume na mke tena. Sentensi ya Kiingereza yenye split haisemi ni lipi kati ya hayo, kwa hiyo mfasiri asome mbele mpaka apate ushahidi kabla hajaandika lolote.

Chama nacho kinaweza kugawanyika au kumeguka. Kikigawanyika, pande zinazobaki zina uzito wa kulinganishwa. Kikimeguka, kipande kimetoka na mwili mkubwa umebaki. Ndiyo maana tunasema wilaya ya Kaliua ilimegwa kutoka wilaya ya Urambo mwaka 2012, kama mtu anavyomega tonge kwenye ugali.

Gawa yenyewe si neno moja. Ina ukoo: gawia, gawana, gawanya, gawanyika, na majina yake hayabadilishani viti. Mgawo ni wa umeme, gawio ni la wenye hisa, mgawanyiko ni wa watu, kigawe na kigawo ni vya darasa la hesabu. Mwalimu atoe kipindi kizima kwa ukoo huu peke yake, na kila neno liletwe na kazi yake: shoka, sindano, bili, sahani. Vipindi viwili vikitosha, ni bahati.

Kisha awapeleke wanafunzi stesheni. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza, linaloanzia Tabora, lilifika ziwani mwaka 1928. Mwingereza atatumia split kwa reli pale Tabora, na atatumia split ileile kwa treni inapotenganishwa. Wanafunzi waulizwe wao wangesemaje, na wasipewe jibu. Njia zinaachana. Mabehewa yanakatwa.