Kidole Changu Hakinijui

Jamani, faragha yangu iliishia mwaka 2019, kwenye meza ya plastiki chini ya mwavuli, tulipoambiwa laini zote za simu Tanzania zisajiliwe kwa alama za vidole. Kijana akanibana dole gumba kwenye kimashine. Kikakataa. Mimi fundi uashi, saruji ilishanila alama zamani. "Mzee, futa kwenye suruali." Nikafuta. Kikakataa. Tulipomaliza vidole vya mkono wa kushoto nikaanza kuvua kiatu. Kilikubali cha mwisho kabisa, kidole kidogo cha mkono wa kulia.

Na ile namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa! Miaka yote kijiweni najulikana nina arobaini na tano. Kijana anaisoma kwa sauti, foleni nzima inapiga hesabu.

Juzi meseji ya tapeli inaingia: "Ile hela itume kwenye namba hii." Huyu naye kasajili kwa kidole cha nani? Nikapiga *106# nione namba zilizo kwa jina langu. Tatu. Mimi ninazo mbili.

Mbio hadi duka la kampuni ya simu. "Dada, hii ya tatu inatumiwa na nani?"

"Shikamoo mzee. Hatuwezi kukuambia, hizo ni taarifa binafsi za mteja. Kuna sheria ya 2022."

"Marahaba. Mteja mwenyewe ni nani?"

Akachungulia kompyuta. "Ni wewe."

"Basi niambie mimi, taarifa zangu mimi!"

"Hapana, mzee, tunakulinda."

Ananilinda dhidi yangu! Nikamuuliza, je, polisi wakizitaka? Akasema hao wakileta amri ya maandishi wanapewa. Kweli, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamruhusu mkuu wa kituo kuagiza data itolewe kwa ajili ya upelelezi. Yaani nikishukiwa wizi wa kuku, kituo kizima cha polisi kitajua nilimpigia nani saa sita usiku (na mama Zawadi asisikie hilo). Nikija kwa miguu yangu, msafi, nalindwa. Nikawaza nikaibe kuku mmoja tu, mdogo, nipate huduma.

Dada akanionea huruma. "Basi tukuhakiki kwanza, halafu tuifunge hiyo laini. Weka kidole hapa."

Nikaweka cha kulia, kile kidogo. Kikakataa.

Nikainama, nikaanza kufungua kamba za kiatu.