Siku Ini Langu Lilipohamia Kushoto

Mimi ni mashoto. Nalisema mapema kwa sababu bila hilo kisa hiki kingezikwa chuoni siku ileile.

Nimelelewa na bibi huko Kongwa, na mwiko wake ulikuwa na kazi mbili: kusonga ugali na kuninyoosha. Nikipeleka mkono wa kushoto kwenye bakuli la mlenda, mwiko unatua vidoleni. Kufikia nilipoingia chuo cha utabibu hapa Dodoma mjini nilikuwa naandika kwa kushoto na kula kwa kulia, bibi akahesabu nusu ya kazi imekwisha.

Mwaka wa pili tukafika kwenye ultrasaundi ya tumbo. Alitakiwa mmoja wetu alale, wenzake wajifunzie kwake. Nikachaguliwa kwa sifa moja tu, wembamba. Mafuta mengi tumboni hufifisha picha, na mbavu zangu enzi hizo ungezihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Sharti la kwanza: nisile kitu tangu saa nne usiku hadi saa nne asubuhi, maana ukila tu mfuko wa nyongo unajikamua na kusinyaa. Saa sita hadi nane zingetosha, ila Profesa alisema tusibahatishe. Sharti la pili: maharage marufuku, kwa kuwa mawimbi ya sauti ya mashine yakikutana na gesi yanagonga mwamba. Nadhani wenzangu walikuwa na sababu nyingine pia. Malipo yangu yalikuwa chipsi mayai na soda, kwa mchango wa darasa.

Huyo Profesa hakuwa profesa. Alikuwa mwanafunzi mwenzetu tuliyempachika cheo kwa sababu ya kukariri. Ukimwamsha usiku wa manane atakwambia probu ya tumbo, yaani kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya ngozi, ina uso uliobinuka na hutumia megahetsi 2 hadi 5, kisha analala tena.

Siku iliyotangulia mkufunzi wetu, Madamu, alituonyesha jambo dogo mno. Ubavuni mwa probu kuna alama, kidoto kilichoinuka. Ukikata picha kwa upana, kidoto kielekee kulia kwa mgonjwa. Ukikata kwa urefu, kielekee kichwani. Hapo, kwa picha ya upana, kushoto kwa skrini unapata kulia kwa mgonjwa, kana kwamba umesimama miguuni pake akiwa amelala chali; kwa ya urefu, unapata upande wa kichwa. Wote tuliandika. Tatizo ni alichoandika Profesa. Daftari lake, nililoliona baadaye, lilisema hivi: "Upana: mlangoni. Urefu: dirishani."

Na kwa jana yake alikuwa sahihi kabisa. Mgonjwa wa jana alilaza kichwa dirishani, mkono wake wa kulia ukiwa upande wa mlango.

Sasa, ilikuwa Julai. Anayeijua Dodoma ya Julai anaujua ule upepo wa asubuhi, unaokuja na vumbi lake kama mgeni aliyebeba mizigo. Dirisha lilikuwa limepungua kioo kimoja. Nikavua shati, nikautazama mto uliowekwa pale dirishani, nikauchukua, nikalala kichwa upande wa pili. Hakuna aliyesema neno.

Madamu akaitwa wodini. "Anzeni, narudi baada ya dakika ishirini."

Jeli ikamwagwa tumboni. Nani huihifadhi jeli ile mahali pa baridi vile, sijui hadi leo. Profesa akaweka probu chini ya chembe cha moyo, kidoto mlangoni, akakazia macho skrini.

"Huu hapa uti wa mgongo," akasema kwa sauti ya redio. "Mbele yake mishipa miwili. Aota hukaa kushoto, vena kava kulia." Akanyamaza. "Mbona aota iko kulia?"

Shingo saba zikarefuka. Na ini nalo, kwa picha ile, lilikuwa limejaa upande wa kushoto. Profesa akanyoosha mkono juu ya tumbo langu hadi mbavu za ng'ambo, kidoto dirishani, akatafuta kwa urefu. Ini likatokea, pembeni yake figo, safi kama haragwe (haragwe pekee lililoruhusiwa siku ile). Ila figo lilikuwa upande wa kichwa, ini upande wa miguu.

"Saitasi invesasi!" Profesa akapiga kelele. "Viungo vimegeuka kama kwenye kioo! Mtu 1 kati ya 10,000 hivi!"

"Na figo kuwa juu ya ini," akauliza dada mmoja, "hiyo inaitwaje?"

Profesa akafikiri kidogo. "Hiyo bado haijapewa jina."

Simu zikatoka mifukoni, watu wakapiga picha na tumbo langu kama wamekutana na waziri. Nami nikiwa nimelala pale, njaa inaniuma, mambo yote ya maisha yangu yakapata maelezo. Kumbe! Nikachukua simu kwa mkono wenye jeli.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekula?"

"Bado. Bibi, nimepimwa. Ini langu liko kushoto."

Kimya. Nikawasikia kuku wake.

"Limehamishwa na nani?"

"Nimezaliwa hivyo, bibi. Inaitwa saitasi invesasi."

"Nani anasitasita?"

Nikamweleza polepole: ini, wengu, moyo, vyote vimebadilishana upande. Akavuta pumzi ndefu. "Na mimi miaka yote hiyo nakupiga mwiko," akasema kwa sauti ndogo, akakata simu.

Madamu aliporudi hakufika hata kitandani. Alisimama mlangoni, akanitazama mimi, akatazama dirisha, akatazama mto. Profesa akamsomea ripoti yote. Madamu akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Moyo wake unadunda upande gani?"

Stetoskopu saba zilikuwa zinaning'inia shingoni kama tai za harusi. Hakuna aliyekuwa amenisikiliza.

"Haya. Ini uliliona ulipoweka mkono wapi?"

"Mbavu za kulia, Madamu."

"Sasa ini liko wapi?"

Profesa akafungua mdomo, akaufunga.

"Na kwa hiyo picha ya pili," Madamu akaendelea, "huyu kijana anatembea kwa kichwa." Akaishika probu, akaizungusha nusu duara. Ini likarudi kwao, aota ikarudi kwao, figo likashuka chini ya ini linapostahili. Nikajitetea kwamba lakini mimi ni mashoto. Akanijibu kwamba hata wenye viungo vilivyogeuka kweli, wengi wao hutumia mkono wa kulia kama watu wengine. Nikavaa shati juu ya jeli.

Simu ya bibi ilikuwa inatumika. Ilitumika dakika arobaini, chipsi mayai nikazila na kuzimaliza bado inatumika. Nilipompata alikuwa ameshawaambia fundi cherehani, mama wa kwaya na mjumbe.

"Bibi, tulikosea. Mashine ilishikwa kinyume. Ini liko kulia."

"Nani kasema?"

"Mkufunzi. Ameigeuza."

"Ikigeuzwa inasema kulia, isipogeuzwa inasema kushoto," bibi akasema. "Hata wewe ukigeuzwa utasema lolote. Mimi nimechukua la kwanza."

Desemba nikaenda nyumbani. Mzee wa jirani akaja na "Mbukwenyi" yake, salamu ya Kigogo, akakaa, macho yake yakitua kwenye ubavu wangu wa kushoto. "Haliumi?" Nikamwambia hapana. Akatikisa kichwa kwa huruma, haamini.

Jioni bibi akachinja jogoo. Ugali wa uwele, mlenda, mchuzi. Tukanawa. Njaa ya safari ikanisahaulisha, nikapeleka mkono wa kushoto kwenye mlenda.

"Mkono wa kulia!" binamu yangu mdogo akanikemea.

Mwiko ukapaa. Nikafumba macho, vidole vyangu vikakumbuka. Paa! Nikafumbua. Binamu ndiye aliyekuwa ananyonya vidole.

"Mwache," bibi akamwambia. "Ndivyo alivyopangwa ndani."

Akaokota ini la kuku kwenye mchuzi, akaliweka kwenye sahani yangu, upande wa kushoto.