Canon 4000D: lawama nyingi zilipiga pembeni

Februari 2018 Canon ilitangaza kamera tatu kwa mpigo. Moja, M50, haikuwa na kioo ndani, ilirekodi video za 4K na ilibeba prosesa mpya (chipu inayochakata picha) ya DIGIC 8. Mbili zilizobaki zilikuwa DSLR, yaani kamera zenye kioo ndani, za wanaoanza, 2000D na 4000D, na hizo zilipewa DIGIC 4+, nduguye wa karibu wa DIGIC 4 iliyotoka mwaka 2008. Wakereketwa wa kamera walicharuka. Hata kabla haijafika madukani, 4000D ilikwisha kuitwa kila jina isipokuwa kamera.

Ukipitia sifa zake moja moja, unaona hasira ilitoka wapi. Pete ya kufungia lenzi ni ya plastiki, si ya chuma. Skrini ni ya inchi 2.7 yenye nukta 230,000. Pointi za fokasi ni tisa, kasi ni picha tatu kwa sekunde. Sasa chukua 400D ya mwaka 2006 uziweke pamoja: pointi tisa, picha tatu kwa sekunde, skrini ya nukta 230,000. Miaka kumi na miwili imepita, na katika hayo matatu hakuna kilichosogea. Swichi ya kuwasha na kuzima imeondolewa, unazungusha gurudumu la juu. Flashi ya ndani haina kitufe, unainyanyua kwa vidole. Na kile kigurudumu kidogo kando ya kitundu cha kuchungulia, kinachomsaidia mwenye macho dhaifu aone vizuri bila miwani, nacho hakipo.

Kilichouma zaidi ni kwamba 1300D, kamera ya wanaoanza ya mwaka 2016, ilikuwa na pete ya chuma, swichi yake, kigurudumu cha macho, na skrini kubwa na safi kuliko hiyo. Kwa hiyo aliyeingia dukani 2018 alikuta kamera mpya iliyopungukiwa kuliko ile ya miaka miwili nyuma. Hapo siwezi kumlaumu mtu kwa kupandisha sauti.

Upande wa pili nao una hoja. Uingereza 4000D ilitangazwa kwa pauni 369.99 pamoja na lenzi, pauni mia moja kamili chini ya 2000D na lenzi yake. Soko lenyewe lilikuwa linayeyuka. Takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, zinaonyesha DSLR zilizopelekwa sokoni duniani mwaka 2012 zilizidi milioni 16. Mwaka 2018 hazikufika milioni 7. Simu zilikuwa zimelila soko kutoka chini, kwa wale hasa ambao kamera kama 4000D inawalenga. Kampuni iliyo katika hali hiyo, ikitaka kuuza kwa bei ya chini, itarudi ghalani kuchukua vipuri ambavyo gharama yake ilikwisha kurudi zamani.

Na vipuri vya zamani si lazima viwe vibovu. Sensa ya 4000D, kile kipande kinachonasa mwanga, ina pikseli milioni 18, idadi ileile ya 550D ya mwaka 2010, na ukubwa wake ni takriban milimita 22 kwa 15, eneo linaloizidi sensa ya simu ya kawaida mara kadhaa. Watu wamepiga harusi, mahafali na vipaimara kwa 550D, albamu zikachapwa, wateja wakalipa. Picha hizo hazikuharibika siku DIGIC 8 ilipotangazwa. Hata pete ya plastiki naiona lawama nyepesi. Lenzi ya 18-55 inayokuja nayo ina pete ya plastiki pia, na wanunuzi wengi wa kamera hizi hawaing'oi hadi kamera inakufa. Unyevu wa pwani umeniulia lenzi mbili kwa kuvu. Plastiki haijaniulia hata moja.

Tatizo langu na wakereketwa ni kwamba walihesabu umri wa kila kitu wakasahau kuuliza swali la mwanafunzi: kamera hii itanizuia kufanya nini mwakani? Kitu kuwa cha zamani ni jambo moja. Mlango kufungwa ni jambo jingine kabisa.

Nikon ilitufundisha tofauti hiyo mapema. Novemba 2006 ilitangaza D40: pikseli milioni 6, pointi tatu za fokasi, bila skrini ndogo ya juu. Wajuzi walicheka idadi ya pikseli. Lakini kamera ile ilikuwa nyepesi, rangi zake zilipendeza, na iliendana na flashi hadi kasi ya 1/500 ya sekunde, jambo ambalo kamera nyingi za bei mbaya haziliwezi. Walioinunua waliipenda, na wapo wanaoitafuta hadi leo. Kasoro yake ya kweli ilikuwa kwingine: haikuwa na mota ya kuzungusha fokasi ya lenzi. Lenzi ya 50mm f/1.8 ya wakati ule, ambayo kila mwalimu humshauri mwanafunzi aanze nayo, ilifungika vizuri tu, ila fokasi ulizungusha kwa mkono. Ilibidi kusubiri hadi Februari 2009 Nikon ilipoleta 35mm f/1.8 ya bei nafuu yenye mota yake. Miaka miwili na ushei mwanafunzi amesimama mlangoni.

Kwa lenzi, Canon haina dhambi hiyo. Tangu 1987 mota iko ndani ya lenzi za EF zenyewe, na 4000D inazitumia na fokasi inafanya kazi, za zamani na za sasa. Mlango ilioufunga ni wa flashi.

Juu ya kamera kuna reli ya kuchomekea flashi, na katikati ya reli hiyo, kwa miongo mingi, kumekuwa na pini moja ya duara. Ndiyo lugha ya pamoja ya kamera nyingi: pini inapounganishwa, flashi inawaka, iwe ya kampuni gani. 4000D na 2000D hazina pini hiyo. Zimebaki zile ndogo za pembeni ambazo Canon huzungumza nazo na flashi zake. Kichekesho ni kwamba katika tangazo lilelile kampuni ilitoa flashi mpya, 470EX-AI, inayogeuza kichwa yenyewe kutafuta dari ya kudundishia mwanga.

Kwa anayepiga picha za watoto sebuleni hii si habari. Kwa kijana wa Mbagala au Kisauni anayetaka kufungua studio ya picha za pasipoti chumba cha mbele, ni habari kubwa. Huyo hanunui flashi ya Canon. Ananunua ya Kichina kwa sehemu ndogo ya bei, au taa za studio zilizotumika, pamoja na kirusha mawimbi cha bei rahisi, kifaa cha kuwashia taa kwa mbali, kinachotegemea pini ya kati peke yake. Anakifunga, anabonyeza, kamera inalia, taa inabaki gizani. Anadhani kifaa ni kibovu, anarudi dukani kugombana. Kuiondoa pini ile hakuwezi kuwa kuliokoa fedha za maana, na ndiyo maana naihesabu dhambi nzito kuliko prosesa ya 2008 na plastiki yote ile.

Je, basi ushauri wa wakereketwa wa kununua iliyotumika ulikuwa sahihi? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. 600D ya 2011 au 700D ya 2013 ina pikseli milioni 18 vilevile, pete ya chuma, skrini inayokunjuka na pini yake mahali pake. Ila ushauri huo hutolewa kwa wepesi na mtu anayejua kukagua kamera. Anayeanza hajui kumulika lenzi kwa tochi kutafuta kuvu, wala hajui shata, lile pazia linalofunguka kila picha, imekwisha kupigwa mara ngapi, na muuzaji hamwambii. Kipya chenye waranti kina thamani yake kwa asiyekuwa na wa kumshika mkono. Mwenye shangazi au jirani mpiga picha, akanunue iliyotumika.

Aprili 2019 ikaja 250D, yenye DIGIC 8 na video za 4K, kamera ya bei ya juu kuliko hizi mbili, nayo bila pini ya kati. Basi umaskini wa bei haukuwa sababu. Ukionyeshwa mojawapo ya hizi tatu sasa, hasa iliyotumika, acha kwanza kuhesabu pikseli. Vua kifuniko cha reli ya flashi, kama kipo, utazame katikati. Kisha mwombe muuzaji flashi yoyote isiyo ya Canon inayotegemea pini ya kati, ubonyeze mara moja.