Kodi ya miezi 12, minervali ya miezi 10

Shule ndogo ya binafsi iliyopanga nyumba katika kambi (mtaa wa nyumba za wafanyakazi) ya shirika la Serikali hapa Lubumbashi ikiongezewa kodi, wengi hujibu kwa kifupi: direkta (mkuu wa shule) anakusanya minervali (ada ya shule), basi alipe kama wapangaji wengine. Hoja hiyo ina uzito. Nyumba zile zilijengwa enzi ya Wabelgiji kwa familia moja moja, si kwa watoto mia wanaopanga foleni mbele ya choo kimoja. Faranga nayo imemuumiza mwenye nyumba. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa karibu faranga 920; mwaka 2024 ikapita 2,800. Mkataba ulioandikwa kwa faranga mwaka ule na kuachwa hivyo hivyo ulimletea wakati huo theluthi tu ya thamani ya kodi yake. Wako pia wenye shule waliojenga magorofa kwa jasho la wazazi. Hao sina la kuwatetea.

Ila tupige hesabu ya shule ya kawaida. Tuseme ina watoto 120, na kodi imepanda kutoka dola 300 kwa mwezi hadi 600. Nyongeza ya mwaka ni dola 3,600, yaani dola 30 kwa mtoto. Wanaotetea nyongeza huishia hapo: dola mbili na nusu kwa mwezi, nani atashindwa? Lakini Julai na Agosti hakuna mzazi anayelipa minervali, na mwenye nyumba anadai miezi yote 12. Kwa hiyo ni dola tatu. Tena, lini watoto wote 120 walilipa? Toa robo, wale ambao baba hajapata mshahara au biashara ya makala (mkaa) ya mama imelala (direkta anawajua kwa majina, na mara nyingi hana moyo wa kuwarudisha nyumbani). Mzigo unabaki kwa 90, dola nne kila mmoja. Mwenye watoto watatu anatafuta dola 12 juu ya zile alizokuwa akizipata kwa taabu. Wakihamishwa watoto 15 kati ya hao wanaolipa, waliobaki wanakaribia dola tano, na kodi yenyewe haijasogea tena hata senti.

Wanaohamishwa wanakwenda shule ya Serikali, ambako masomo ya msingi ni bure tangu Septemba 2019 na wanafunzi wanabanana kwenye benchi. Serikali hiyo hiyo inapokea kodi kupitia shirika lake, halafu inampokea mtoto kupitia shule yake. Sijui faida iko upande gani.

Tunaambiwa pia kodi hii itawafaa wazee waliofanya kazi kwenye mashirika hayo ya Serikali na wanaosubiri haki zao. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya watu 10,000 waliondoka Gécamines, shirika la Serikali la madini, katika mpango wa kuondoka kwa hiari. Pita kambini leo uulize nani anamlipia mjukuu minervali. Utaonyeshwa mzee wa namna hiyo hiyo.

Kufuata anguko la faranga nakubali. Kuongeza maradufu kwa mpigo, na katikati ya mwaka, hapana. Minervali hutangazwa kabla ya Septemba; barua ya kodi ikifika Januari, direkta hana tena wa kumwongezea bei. Anafungua daftari la mishahara, na anayekatwa ni mwalimu.